Siku Niliyokufa Mbele ya Darasa

Jamani, mkasa huu nimeuficha miaka mingi, na ningeendelea kuuficha kama si kwamba kila nikipita sokoni Sumbawanga bado kuna mtu anamgusa mwenzake begani na kumnong'oneza, "Ndiye yule." Basi bora niusimulie mwenyewe, kwa sababu wengine wanausimulia vibaya, wananiongezea jeneza na mapadre watatu, wakati jeneza halikuwepo na padre alikuja mmoja tu, tena kwa baiskeli, akakuta mambo yameshaharibika. Aibu ni yangu na ninaikubali, ila nataka niibebe kwa kipimo chake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mnaoikumbuka mnajua, maduka yaliyokuwa na rafu tupu na sabuni ya kuombea kibali ghafla yakajaa vitu kutoka Zambia na kwingineko, mitumba ikashushwa kwa marobota, kila mtu akawa mfanyabiashara, na uvumi ukatapakaa kwamba wazungu wanakuja kununua mahindi, kutengeneza barabara, kuchimba sijui nini huko milimani, na asiyejua Kiingereza ataachwa kwenye vumbi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na jioni nikaona nifungue kozi yangu. Nikapata chumba kwenye ghala la ushirika uliokuwa umekufa (ushirika, siyo ghala, ghala lilikuwa zima ila linanuka mbolea mpaka machozi yanakutoka), nikachonga kibao, nikaandika kwa rangi nyekundu: KOZI YA KIINGEREZA, MWALIMU KRISANT, MIEZI MITATU UNAONGEA. Miezi mitatu, mimi mwenyewe nilikuwa nimekisoma miaka kumi na moja na bado nikikutana na mzungu najifanya nimeshikwa na kikohozi.

Mambo yalikwenda vizuri hadi Mwalimu Leokadia alipostaafu. Huyu mama alikuwa mjane, anaishi peke yake nyuma ya stendi ya mabasi, na ndiye aliyenifundisha darasa la tatu. Kiingereza changu cha kwanza kabisa, cha kusema hiki ni kikombe na ile ni ng'ombe, kilitoka kinywani mwake. Alipostaafu naye akafungua kozi sebuleni kwake. Hakuandika miezi mitatu, hakuandika kwa rangi nyekundu, aliweka kibao kidogo cheupe tu, na katika wiki chache nusu ya darasa langu ikahamia kwake. Mimi nilikuwa namwamkia shikamoo kila nikimwona, naye ananiitikia marahaba mwanangu, lakini nikishapiga kona moyo wangu unachemka kama maharage. Nilisema maneno pia. Nilimwambia baba yangu mdogo Pius, ambaye ndiye niliyekuwa naishi kwake, kwamba yule mama ana mkono wa kuvuta watu, haiwezekani mtu avutie wanafunzi namna ile kwa chaki peke yake. Nilisema kama utani, kwa namna ile ya kusema kitu kama utani huku unaombea kisikike.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ile ya Ufipa ya kuongea umekumbatia kwapa zako, saa kumi alasiri, na somo lilikuwa vitenzi. Nikawaeleza wanafunzi wangu, wakati ule wamebaki kumi na wanane, kwamba Kiingereza kina vitenzi vya namna mbili. Kuna vile elekezi, ambavyo kitendo lazima kimwangukie mtu au kitu, huwezi kusema umepiga halafu ukanyamaza, tutakuuliza umempiga nani, umenunua nini, umevunja nini. Na kuna vile visivyo elekezi, ambavyo kitendo kinaanzia kwako na kinaishia kwako, umelala, umecheka, umelia, umeanguka, hakuna anayekuuliza umelala nini. Wakaandika vizuri kabisa. Mimi kwa kunogewa nikaongeza mfano mmoja ubaoni, kufa, na hapo Masanja akanyoosha mkono.

Masanja alikuwa mfugaji wa Kisukuma, mtu mrefu mpole, aliyehamia bonde la Ilemba na ng'ombe wake, na kila wiki alipanda na lori hadi mjini kutafuta Kiingereza cha kuuzia ng'ombe. Alikuwa haongei sana, na ndiyo maana akiongea darasa zima linageuka.

"Mwalimu," akasema, "hicho cha mwisho umekiweka upande usio wake."

"Kwa nini, Masanja?"

"Kulala naelewa, mtu analala mwenyewe. Lakini mtu akifa lazima tuulize nani."

Darasa likaguna kwa kukubali. Fundi cherehani mmoja akasema kweli kabisa, kwao kuna mtu alianguka kutoka kwenye mti wakauliza nani, na akapatikana. (Ninyi wa Dar mtacheka hapo, mkisikia Sumbawanga mnawaza uchawi tu, lakini nimekaa kwenu na sijaona msiba hata mmoja uliopita bila shangazi fulani kutajwa. Tofauti ni kwamba ninyi mnamtaja mkiwa ndani ya gari.)

Ningeweza kufuta neno lile nikaweka kukohoa. Ningeweza kusema hii ni sarufi, siyo baraza la ukoo. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa zana, chuoni tulifundishwa kwamba somo lisilo na zana halishiki, na zana iliyokuwepo karibu ni mwili wangu. Nikasema, haya, angalieni wenyewe. Nikapanda juu ya meza, nikajilaza chali, nikajifunika lile koti langu refu la mtumba mpaka shingoni, nikawaambia safu ya mbele isimame na kusema taratibu kwa Kiingereza kwamba mwalimu amekufa, na safu ya nyuma ilie, kwa kuwa kulia nacho ni kitenzi cha kundi hilo hilo. Nikafumba macho. Kumbe watu wale walikuwa na vipaji. Safu ya mbele, "The teacher died, the teacher died," kama sala ya jioni, na safu ya nyuma wakashusha kilio ambacho mimi mwenyewe kilinigusa.

Wakati huo huo Mama Sesi, anayetuuzia maandazi saa ya mapumziko, akasukuma mlango.

Alichokiona mnakijua. Beseni likaanguka, maandazi yakabingirika kwenye ile sakafu ya mbolea, na yowe alilopiga nadhani lilisikika Namanyere. Nilifumbua jicho moja nikaona kisigino chake tu kikitoka. Darasa likavunjika mbavu, na mimi pia nilicheka nikiwa pale pale juu ya meza, na mtu mmoja akasema, "Mwalimu, mkimbilie umwambie," nikasema atarudi mwenyewe kufuata beseni lake.

Hakurudi. Baada ya muda mfupi tukasikia vilio vinakuja kutoka upande wa soko, vilio halisi sasa, vya wanawake wanaokuja wakikimbia. Na ndugu zangu, hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize bila kunihukumu haraka, maana kila mtu ana siku moja ambayo akili yake inatoka nje kuota jua. Nilikuwa nimeshakaa kitako, mguu mmoja tayari umeshuka. Nikawaza, hivi mtu anapata lini nafasi ya kusikia atakavyoliliwa? Nikasema ngoja nisikie kidogo tu, dakika moja, kisha niamke tucheke wote. Nikaweka kidole mdomoni kuwaashiria wanafunzi wanyamaze, nikajilaza tena.

Wakaingia. Nikasikia nikiitwa mtoto mwema, mwalimu wa watu, kijana asiyejua ugomvi (mtu aliyesema hivyo nilikuwa sijasalimiana naye tangu Pasaka). Nilifurahi sana. Masanja, maskini, akaona mchezo unapita kiasi, akanisogelea, akanitikisa bega, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, amka sasa, watu wameumia." Mimi nikakaza mwili. Akanitikisa tena kwa nguvu, akaweka mkono wake karibu na pua yangu, na mimi, kwa ujinga ambao hata leo sina dawa yake, nikabana pumzi. Nikamsikia akirudi nyuma hatua mbili.

"Alikuwa anaigiza," akawaambia watu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Naapa alikuwa anaigiza, tulikuwa naye. Wamemchukua humo humo kwenye kuigiza."

Kuanzia hapo wanafunzi wangu, mashahidi wangu kumi na wanane, wakawa wafiwa kama wengine.

Ningeamka. Kila dakika nilikuwa naamka. Lakini akaingia baba mdogo Pius, na baba mdogo hakuwa mtu wa kulia, nilikuwa sijawahi kumwona analia, na siku ile alijitupa miguuni pangu akaniita kwa Kifipa kwa jina ambalo marehemu baba yangu ndiye aliyekuwa akiniitia nikiwa mtoto. Sasa utaamkaje mbele ya mzee wa namna hiyo, umwambie nini, kwamba ulikuwa unapima kilio? Nikasema watoke kwanza. Watatoka, nitabaki na mmoja wawili, nitapiga chafya, nitasema nilizimia. Huo ulikuwa mpango, na ningali naamini ulikuwa mpango mzuri, ila nilisahau mabibi wa jumuiya ya kanisa, ambao ndio huandaa maiti.

Mabibi wa jumuiya hawasubiri. Wawili kati yao walikuwa wameshafika, na kabla sijajua wamefanya nini nikahisi kitambaa kinapita chini ya kidevu changu, kinakazwa utosini, fundo moja, fundo la pili, taya likafungwa kabisa kama maiti inavyofungwa. Viatu vikavuliwa. Vidole gumba vya miguu vikaunganishwa na kamba ya katani, ile ya kushonea magunia. Kisha mmoja akaanza kunitia pamba puani, akamaliza tundu la kushoto, mwenzake akamwita amsaidie kutafuta shuka, na tundu la kulia ndilo lililoniacha hai.

Nikiwa katika hali hiyo, mtu ndani ya chumba akauliza lile swali la Masanja: nani?

Kisha baba mdogo akajibu, polepole, "Mwenyewe alishaniambia. Alisema yule mama ana mkono."

Jamani. Nataka niwaambie kwamba moyo uliniruka pale pale kwa hofu. Hapana. Kwanza nilisikia raha. Ilikuwa raha fupi, lakini nilitaka waendelee, nilitaka nisikie Leokadia akisemwa, na wakaendelea kweli, fundi cherehani akasema ndiyo maana wanafunzi wanahama kama nyuki, mwingine akasema mumewe naye alikufaje, na katika muda mfupi kuliko wa kumenya kiazi nikasikia vishindo vya wanaume wanatoka, na mmoja wao anasema, "Tupitie kwangu kuchukua petroli." Hapo ndipo raha ilipokatika. Nilikuwa najua walikokuwa wanakwenda, na nilikuwa najua kwamba saa ile Mwalimu Leokadia yuko sebuleni kwake anaandika ubaoni, mgongo ameupa mlango.

Nikaamka. Sasa kuamka na vidole vimefungwa si kuamka, nilishuka mezani kwa kichwa. Mabibi wawili walikuwa wanasali rozari, mmoja akatoka mlangoni akiwa bado kwenye fumbo lile lile, mwingine alikuwa na miguu mibaya hakuweza kukimbia, kwa hiyo akachukua mwavuli wake akanicharaza nao kichwani akisema, "Rudi ulikotoka, Krisant, rudi, hatuna deni na wewe." Nilitaka kumwamkia shikamoo, nikatoa mlio wa ndama. Nikaikata ile kamba kwa kuisugua kwenye kona ya bati la mlango, lakini lile fundo la utosini lilikuwa limefungwa na mtu anayejua kazi yake, vidole vyangu vimekufa ganzi kwa baridi, nikaona nikilishughulikia nitachelewa. Nikatoka mbio peku, taya limefungwa, pamba tundu moja, koti linapepea.

Nilipita katikati ya soko. Sitaeleza.

Nilipofika nyuma ya stendi nilikuta kibao kile cheupe kimevunjwa vipande viwili, mawe mengi juu ya bati, wanafunzi wake wametokomea, na watu labda hamsini wamesimama nusu duara, baba mdogo mbele. Mwalimu Leokadia alikuwa amesimama mlangoni kwake. Chaki ilikuwa bado mkononi. Jiwe moja lilikuwa limempata juu ya jicho na damu ilikuwa inamshukia kwenye shavu, naye haifuti, anawatazama tu mmoja mmoja kama anayeita mahudhurio, na nadhani hilo ndilo lililokuwa limewachelewesha, maana wengi wao alikuwa amewafundisha. Dumu la petroli lilikuwa chini, karibu na mguu wa fundi cherehani.

Mtu mmoja akageuka akaniona. Sitasahau jinsi umati ule ulivyofunguka, bila kelele, watu wakirudi nyuma nyuma mpaka nikabaki peke yangu katikati, mbele ya Mwalimu wangu, na kile kitambaa kichwani.

Yeye ndiye aliyenisogelea. Akanyoosha mikono akalifungua lile fundo, kwa kucha zake, taratibu, na damu yake ikanidondokea kwenye koti. Akanichomoa na ile pamba.

"Krisant," akasema, "waambie."

Baba mdogo akaja karibu. "Mwanangu, sema. Nani alikuchukua?"

Taya lilikuwa huru sasa. Maneno yalikuwa mafupi tu: nilikuwa mzima, nilikuwa nafundisha, nikajilaza kuwasikiliza. Lakini nikaziona nyuso zile, nikamwona baba mdogo na macho yake mekundu, nikamwona Mama Sesi amebeba unga wa msiba kichwani, nikawaza nitaitwa nani mji huu baada ya leo. Nikasema, "Sijui, baba. Nilikuwa kama usingizini. Kisha nikaachiwa."

Nikaachiwa. Hilo ndilo neno nililolichagua, katika maneno yote ya Kiswahili.

Watu wakavuta pumzi. Nikasikia mtu nyuma akisema, amemrudisha, ameogopa petroli akamrudisha. Wakaanza kuondoka wawili wawili, haraka, bila kumpa mgongo yule mama. Fundi cherehani aliliacha dumu lake. Mwalimu Leokadia alinitazama muda mrefu, kisha akaingia ndani akafunga mlango, na komeo nililisikia.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa mfalme. Darasa lilijaa, watu walikuja kumwona mwalimu aliyekwenda akarudi, wengine wakaniuliza huko kukoje (nilisema kuna baridi, na kwa kuwa sisi ni watu wa Ufipa hakuna aliyeshangaa). Lakini nilikuwa silali vizuri, na mke wa baba mdogo akisema jina la Leokadia nakiona kijiko kizito. Jumapili ya tatu nikaamua. Baada ya misa, wakati wa matangazo, nikaomba ruhusa kwa padre, nikasimama mbele ya kanisa zima nikasema yote, tangu meza mpaka mwavuli, hata ile raha yangu niliisema. Nilipomaliza nikangoja wanizomee, na nilikuwa tayari.

Hakuna aliyezomea. Walinitazama kwa huruma. Nje, Mama Sesi akanishika mkono akaniambia, "Mwalimu, pole. Tunajua umetishwa. Usiseme zaidi, usije ukachukuliwa tena." Masanja alinihakikishia kwamba mkono wake ulikuwa kwenye pua yangu na pumzi haikuwepo. Baba mdogo akaninong'oneza kwamba nimefanya vizuri kumsafisha Leokadia hadharani, sasa atatulia. Yaani ukweli wangu, nilioutoa kwa jasho, wakauchukua kama woga wa mtu mwenye akili.

Na sasa sikilizeni mambo ya biashara. Mwezi uliofuata wakala mmoja wa mabasi, mtu mwenye tahadhari, alijiandikisha kwa Leokadia, akisema bora kuwa upande wake kuliko upande mwingine. Akafuata na fundi cherehani, akampelekea na kibao kipya. Kisha wakaanza kuja kutoka Muze, kutoka Namanyere, watu waliosikia kwamba Sumbawanga kuna mama anafundisha Kiingereza ambaye alimuua mshindani wake saa kumi na kumrudisha kabla ya magharibi. Darasa langu likapungua mpaka nikabaki na Masanja. Siku moja naye akaja amevaa vizuri, kofia mkononi.

"Mwalimu, naona haya kukuambia."

"Sema tu, ndugu yangu."

"Wewe ulitufundisha kwamba kufa hakuhitaji mtu wa pili. Lakini yule tumeona kwa macho kazi yake." Akakuna kichwa. "Mtu anayeweza hayo, Kiingereza kitamshinda?"

Nikamtakia heri. Nikashusha kibao changu mwenyewe jioni ile, mbao zake zikatufaa kwa banda la kuku.

Kwa Mwalimu Leokadia niliogopa kwenda kuliko nilivyoogopa kanisani. Nilikwenda mwezi wa kumi na mbili, mvua zimeanza, nikapiga hodi nimejiandaa kufukuzwa. Alifungua. Kovu lilikuwa dogo, juu ya nyusi. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa, nikaomba msamaha. Hakusema amesamehe na hakusema hajasamehe. Aliniambia wanafunzi wamekuwa wengi hadi anawafundisha kwa zamu, wananyamaza kama wako kaburini, hakuna anayechelewa, hakuna anayethubutu kukosea zoezi. Wakikutana naye njiani wanapiga magoti, hata watu wazima.

"Basi Mungu amelipa, Mwalimu," nikasema, nikitafuta pa kujishikiza.

"Krisant, unakumbuka Krismasi kwangu, wakati mnasoma?"

Nilikumbuka. Kila aliyepita pale alikula.

"Sasa hawanywi hata maji yangu," akasema. "Nikiwapa chai wanasema wamefunga. Mwezi mzima huu kila mtu amefunga." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeanza kuzoea. "Krismasi nitapika. Siwezi kuacha kupika, majirani wataona moshi hautoki waseme nakula vitu vingine."

Nikamwambia nitakuja, na nitakuja na watu. Na niliwaalika, ndugu zangu, nilizunguka mji mzima. Baba mdogo alikubali, akasema atakuja. Mama Sesi alikubali. Masanja alisema angebaki mjini kwa ajili hiyo tu asishuke Ilemba. Wote walinikubalia kwa uso mkunjufu, kwa namna watu wetu wanavyokubali kitu ambacho hawatakifanya.

Nimeapa mambo mengi tangu wakati ule. Nimeapa sitajilaza popote penye watu, hata ufukweni. Nimeapa sitasema jambo la mtu kama utani. Na zaidi ya yote nimeapa sitanyamaza tena ili nisikie vizuri, maana kuongea kumewaponza wengi ila mimi niliponzwa na kunyamaza, na nilimponza mtu ambaye hakuwemo. Watu wanasema Leokadia ameshanifunga kwa dawa, kwamba ndiyo maana kila sikukuu naonekana natembea kwa miguu yangu mwenyewe kwenda kwake. Nimeacha kuwasahihisha.

Krismasi ile ya kwanza nilifika saa saba. Alikuwa ametandika mkeka na kitambaa cheupe mezani, wali na kuku na migebuka ya ziwani, sahani tisa. Tukangoja. Saa nane akanipakulia, nikala. Kisha nikavuta sahani iliyokuwa ya baba mdogo, nikala na hiyo, naye akapakua ya Mama Sesi, nikala. Ya Masanja niliila nimefungua mkanda. Nilipofika ya tano nikashindwa, nikaishika tu mapajani, na sufuria bado ilikuwa nusu.